Subaru yangu inanifilisi, lakini kila nikitaka kuiuza moyo unasita

Barua ya msomaji

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 39, mhasibu katika kampuni moja jijini Nairobi. Nina mke na binti wa miaka minne, na mtoto wa pili tunamtarajia baada ya miezi mitatu. Jambo ninalokuandikia huenda likaonekana dogo mbele ya shida ambazo wasomaji wengine hukuletea, na kwa kweli barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana, kwa sababu linahusu gari.

Mwaka 2017, kabla sijaoa, niliagiza kutoka Japani Subaru Impreza WRX STI ya mwaka 2010. Ina injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu farasi 308, giya sita za mkono, na ekzosi ambayo niliibadilisha mwenyewe ili iungurume kwa sauti nzito. Usidhani kwamba niliiona tu barabarani nikaitamani. Mwaka 1997, nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, marehemu baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, alituamsha alfajiri, akatupakia mimi na kaka yangu katika Datsun 1200 yake kuukuu, akatupeleka kutazama mbio za Safari Rally. Tuliketi juu ya boneti tukinywa chai kutoka kwenye chupa hadi jua likawa kali. Kwanza ilitokea helikopta, kisha wingu la vumbi, kisha Impreza ya buluu yenye magurudumu ya rangi ya dhahabu ikapita mbele yetu kama risasi. Mwaka huo Colin McRae ndiye aliyeshinda akiwa na gari hilo. Baba alinigonga begani akasema, “Umeona?” Hakuongeza neno. Nilipoliwasha gari langu kwa mara ya kwanza katika bandari ya Mombasa, nilimkumbuka nikalia machozi.

Sasa nikueleze hesabu. Naishi Ruiru na kazi yangu iko Upper Hill, hivyo kwa mwezi natembea takriban kilomita 1,500. Katika msongamano wa asubuhi Subaru hunipa kilomita saba kwa lita, tena nikiwa mpole. Nikichukua bei ya shilingi 180 kwa lita, hiyo ni karibu shilingi 38,500 kila mwezi, na hapo nimehesabu petroli ya kawaida, ilhali injini yenyewe inataka ile ya oktani ya juu ambayo ni ghali zaidi. Bado nadaiwa shilingi 310,000 na Sacco, mkopo niliochukua miaka miwili iliyopita kurekebisha turbo na giyaboksi, nikaweka gari lenyewe dhamana.

Miezi miwili iliyopita nikaanza kuona linakunywa oili. Fundi alipima mgandamizo katika kila silinda, akanionyesha kwamba silinda nambari nne imeshuka kuliko wenzake. Aliniambia kwamba ninaweza kuliendesha mwaka mzima lisiniudhi, au likaniacha barabarani kesho. Kulifungua na kuiunda injini upya aliniandikia shilingi 450,000. Karatasi hiyo iko katika droo ya meza yangu ofisini. Mke wangu hajaiona.

Lilipokuwa gereji kwa majuma matatu, dada yangu aliniazima Vitz yake, ile ya injini ya lita moja yenye nguvu farasi 69. Nilikwenda nayo kazini kila siku ikanipa kilomita kumi na tano kwa lita, na nikaona kwamba ningeokoa zaidi ya shilingi 20,000 kila mwezi. Lakini sikiliza yaliyonipata. Jumanne ya kwanza, nikiwa nimesimama nje ya jengo fulani nikimsubiri mwenzangu, mwanamke mmoja alifungua mlango wa nyuma, akaketi, akaweka mkoba wake mapajani na kuniambia, “Kilimani, lakini tusipitie Ngong Road.” Alidhani mimi ni dereva wa teksi ya programu ya simu. Kundi letu la wenye Subaru, ambao Jumapili moja ya kila mwezi huenda pamoja hadi Naivasha, lilipoipata picha yangu nikiwa katika Vitz, mmoja wao aliandika, “Pole kwa msiba.” Nilicheka pamoja nao, ila usingizi wa usiku huo ulikuwa mchache.

Lililoniuma zaidi lilinipata nyumbani. Binti yangu huusikia muungurumo wa gari langu tangu kwenye kona ya duka la jirani, na nikifika humkuta ameshika vyuma vya lango akirukaruka. Siku ya kwanza niliporudi na Vitz hakuna aliyekuja. Niliketi ndani ya gari huku nimeshika usukani, hadi alipotoka baadaye akitafuta mpira wake, akaniona na kuuliza, “Baba, gari letu limekufa?” Juma zima lilikuwa hivyo.

Mke wangu si mgomvi. Ila tulipoketi kupanga pesa za hospitali ya kujifungulia, alisema, “Hilo gari hula kwanza, sisi tunafuata.” Tangu siku hiyo najua kwamba anataka niliuze.

Mnunuzi yupo. Ni kijana wa miaka 26 katika kundi letu, ambaye amekuwa akiniomba tangu mwaka jana na yuko tayari kutoa shilingi milioni mbili na laki moja, nusu kutoka kwa akiba yake na nusu kwa mkopo. Habari za silinda nambari nne hazijui. Hajauliza, nami sijasema. Vitz kama ya dada yangu naweza kuipata kwa milioni moja hivi.

Shangazi, niiuze? Najua kwamba ni chuma tu na mimi si mtoto. Lakini kila nikishika simu kumpigia yule kijana, naona kana kwamba natia saini karatasi inayosema kwamba nimeshindwa na maisha.

*Mpenda Kasi, Ruiru*

Shangazi anajibu

Marahaba, mwanangu. Umefanya vyema kutoichana barua mara ya tatu.

Kama nimekuelewa, unalo gari unalolipenda ambalo gharama yake imekushinda kubeba, na linaugua ugonjwa ambao umewaficha watu wawili, mkeo na kijana anayetaka kulinunua. Kwa upande mwingine una gari dogo ulilolijaribu kwa majuma matatu, likaufurahisha mfuko wako na kukuumiza mahali pengine. Ungependa nikuambie uuze au usiuze. Hilo sitalifanya, kwa kuwa nitakayekuwa usingizini wakati wewe unasikiliza injini ikigonga kwenye giza la Burnt Forest, kule njiani kuelekea Eldoret, ni mimi, na pia nitakuwa mbali siku utakapoliona gari lako likipita mjini na mtu mwingine kwenye usukani. Lakini tunaweza kuyapekua pamoja uliyoyaandika, kwani yapo mambo ambayo umeyachukulia kuwa ni hakika, nami sioni kama ni hakika.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wewe ni mhasibu na huko ndiko unakojisikia salama. Tofauti ya petroli uliyoitaja inafika karibu shilingi 246,000 kwa mwaka, na sina ubishi nayo. Bima nayo ingepungua, kwani bima kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Ukiuza kwa milioni mbili na laki moja, ukalipa Sacco, ukanunua gari dogo la milioni moja, ungebaki na kama 790,000 mkononi. Ni picha ya kupendeza mno, na ndiyo maana inanitia shaka, kwa sababu bei hiyo ni ya gari lenye silinda nne nzima. Gari ulilo nalo lina silinda tatu nzima na moja mgonjwa. Ukitoa zile 450,000 za fundi, unabaki na 340,000. Hata hivyo bado ni pesa nzuri, zinazotosha kumlipia mama mtarajiwa hospitali na zikabaki nyingine. Ninachokuomba ni uifanye hesabu yako kwa kutumia nambari hii ya pili na si ile ya kwanza, uone kama uamuzi unaoutamani bado unasimama.

Vilevile usiifanye Vitz kuwa gari lisilo na gharama. Magari hayo madogo yaliyokwisha kutumika nchini mengi yamepitia kazi ya teksi za programu, kama yule mama wa Kilimani alivyokukumbusha, na yapo yaliyozunguka jiji hili mchana na usiku kwa miaka. Dashibodi inaweza kusema kilomita 70,000 huku mpira wa kanyagio la breki umeisha hadi chuma kinaonekana, ukingo wa kiti cha dereva umelala, na mkanda wa kiti cha nyuma umelegea kwa kuvutwa na abiria elfu. Amini kanyagio kuliko dashibodi. Uliza pia kuhusu giyaboksi, kwa maana nyingi ni zile zisizo na giya za kuhesabika, ambazo hutaka oili yake maalumu, na anayezitilia oili yoyote iliyo karibu humwachia mnunuzi anayemfuata bili kubwa. Faida yake ni kwamba fundi wa kila mtaa analijua gari hilo, na kipuri chake utakipata Kirinyaga Road kabla ya chakula cha mchana.

Sasa tuje kwa mkeo. Umeandika kwamba “unajua” anataka uliuze. Nimeyasoma maneno yake mwenyewe uliyoyanukuu, na sikuona neno “uza.” Alisema kwamba gari hula kwanza, nanyi mnafuata. Kwangu mimi hayo ni malalamiko ya mtu kuhusu nafasi yake kwenye foleni. Huenda kweli anataka liondoke. Huenda pia angevumilia libaki, mradi siku moja aone bahasha ya hospitali imejazwa kabla ya ya fundi. Hatujui, na wewe pia hujui, kwa sababu hukumwuliza. Na nadhani hukumwuliza kwa vile swali hilo lingefungua droo ya meza yako ofisini.

Hapo kuna hatari ambayo sikuiona ukiitaja. Ukiliuza gari ili kumridhisha mtu ambaye hajakuomba, utamdai shukrani asizojua kwamba anadaiwa. Kila mara gari dogo litakapogugumia mlimani utamtupia jicho la pembeni, naye atashangaa amekosa nini. Na ukilibakisha na kulitengeneza kimyakimya kwa mkopo mwingine, utakuwa umemthibitishia lile alilolisema. Njia zote mbili zinapitia kwake, hivyo ningependa aione ile karatasi kabla hujampigia mtu yeyote simu. Usimwandalie hotuba. Iweke mezani, umwambie imekaa kwako kwa muda gani na kwa nini, kisha unyamaze umsikilize. Inawezekana akakasirika zaidi kwa ule muda kuliko kwa zile pesa.

Kuhusu yule kijana nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. “Hajauliza, nami sijasema” ni maneno ambayo mtu huyaandika akijua tayari hayapendezi. Ana miaka 26 na atalipa nusu kwa mkopo. Wewe mwenyewe unajua mkopo wa gari linalougua unavyouma, kwani ule wa Sacco bado unaulipa. Unaweza kumpa majibu ya kipimo cha fundi kwa maandishi na mkapatana bei mpya, ambapo huenda akajitoa, ukabaki bila mnunuzi kwa miezi. Unaweza kulitengeneza kwanza ndipo uliuze, lakini pesa za injini mara nyingi hazirudi zote kwenye bei, hivyo hiyo ni njia ya amani zaidi kuliko faida. Njia ya kunyamaza ipo pia, wewe ndiye uliyeitaja, na gharama yake utaikuta Jumapili mojawapo njiani kuelekea Naivasha, mbele ya kundi zima. Na yeyote atakayelinunua, malizana na Sacco kwanza kwa kuwa gari ni dhamana yao, kisha uhamisho wa umiliki ukamilike kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kabla ufunguo haujatoka mkononi mwako, maana mpaka hapo faini na ajali zake zitakutafuta wewe.

Kuna wazo ambalo hukuliandika lakini naliona likichungulia katikati ya mistari: kununua gari dogo kwa ajili ya kazi na kuibakisha Subaru kwa siku maalumu. Wapo wanaoliweza. Linataka bima mbili, nafasi mbili za kuegesha, na nidhamu ya kuliwasha na kulitembeza lile lililolala, kwani gari lisilotembea halipumziki, linazeeka. Betri hufa, raba hukauka, panya hula nyaya. Marehemu mume wangu aliegesha Peugeot 504 chini ya mwembe “kwa muda tu,” akisubiri pesa za kichwa cha injini. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma kwa miaka sita. Mayai tulikula mengi, lakini gari halikuondoka pale hadi alipokuja mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Kwa hiyo ukiichagua njia hiyo, ianze na zile 450,000 na isianze na kifuniko cha turubai.

Ipo pia njia ya katikati. Magari madogo hayafanani yote. Suzuki Swift Sport, kwa mfano, ile ya injini ya lita moja nukta sita isiyo na turbo, hupatikana na giya za mkono, na watu wanaoijua kona huisifu. Haitakupa kilomita za Vitz, na bei yake itakula sehemu ya akiba unayoitafuta, lakini kuna mtu ambaye mkono wake wa kushoto usipopata giya ya kushika hukosa kazi ukaingia matatani. Jiulize tu kwa uaminifu kama katika mwaka mmoja hutakuwa umeibadilisha ekzosi yake.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulibebe kwa uzito wote, hata ukiyasahau mengine. Mguu wako wa kulia una kumbukumbu ya miaka minane. Umezoea kuliona lori mbele, kukadiria pengo, kukanyaga, na kuwa tayari umepita kabla anayekuja hajafika. Impreza yako ina uzito wa karibu kilo 1,500, hivyo kila tani yake inasukumwa na zaidi ya farasi 200. Vitz ya dada yako ina uzito wa karibu kilo 1,000 na farasi 69, yaani karibu theluthi ya nguvu hiyo kwa tani, nawe bado hujampakia mkeo, watoto wawili na gunia la mahindi mkirudi kutoka mashambani. Katika majuma matatu ya Ruiru na Upper Hill hukuijua tofauti hiyo, kwa sababu kwenye foleni farasi 308 na farasi 69 huenda mwendo mmoja. Utaijua ukipanda kutoka Mai Mahiu nyuma ya msururu wa malori, macho yakikuambia “pita, pengo linatosha” kwa kipimo cha gari ulilokwisha kuliuza. Mwenye kuhama kutoka gari kubwa la nguvu hadi dogo ni lazima ajifunze upya kusubiri, na miezi ya kwanza ndiyo yenye hatari. Ukilinunua, tafuta lenye mifuko ya hewa na breki zisizofunga magurudumu (ABS), na kabla ya kulipa lijaribu mlimani likiwa limejaa watu, si wewe peke yako ukizunguka mtaa.

Sikuambii haya kukutisha ubaki na Subaru. Hata huko kwenye barabara pana yenye njia mbili zilizotenganishwa, sheria inamruhusu mwenye gari dogo la kibinafsi kilomita 110 kwa saa, kwa hiyo sehemu kubwa ya wale farasi unawalisha ili wasimame zizini.

Nimebakisha neno “kushindwa.” Nimeirudia barua yako mara tatu nikitafuta ni nani aliyekuambia kwamba umeshindwa, na sikumpata. Yule mama wa Kilimani hakukudharau. Aliliona gari safi lenye dereva nadhifu, akaingia. (Hukuniambia kama ulimpeleka.) Wenzako wa kundi walitania, na utani wa watu wenye magari kama lako una hofu ndani yake, kwa maana nao wanaijua bei ya petroli na wanazijua silinda zao nambari nne.

Mimi ni mtu wa umri, nami nilisimama kando ya barabara ile ya vumbi kabla yako. Mwaka 1993 Subaru haikuja Safari Rally na Impreza. Ilikuja na Vivio, kigari chenye injini ya sentimita za ujazo 658, ndogo kuliko hata ile ya dada yako. Watu walicheka. Huyo huyo Colin McRae wako alipewa kimojawapo, akaenda nacho kasi hadi kikavunjika asimalize. Patrick Njiru wetu alikifikisha chake mwisho, akawa wa 12 kati ya wote na wa kwanza katika kitengo chake. Sisemi kwamba hadithi hiyo inakutaka ununue gari dogo. Nimeikumbuka kwa sababu umeniandikia kana kwamba jina Subaru na ukubwa wa nguvu ni kitu kimoja, ilhali waliolipenda jina hilo hapa kwetu walikwisha kulishangilia likiwa katika kitu cha kuingia uvunguni mwa kitanda.

Halafu kuna gari jingine katika barua yako ambalo umelitaja mara moja tu, kama kitu cha kuwafikisha watu mahali palipo na gari lenyewe. Nazungumzia Datsun 1200. Mwalimu wa shule ya msingi aliamka alfajiri, akajaza chupa ya chai, akawapakia wanawe wawili katika kigari kuukuu, na ninyi mkaketi juu ya boneti yake ili mwone vizuri. Ungeweza kuniambia kwamba siku ile uliona aibu kwa gari la baba yako mbele ya lile la buluu, lakini hukuniambia hivyo. Alipokugonga begani, ulimwona kuwa mtu aliyeshindwa na maisha? Sikuulizi ili unijibu mimi. Na huenda jibu lako likawa kwamba ndiyo maana hasa Impreza ibaki, kwa kuwa ni yeye aliyekuonyesha. Hilo nalo ni jibu la mtu mzima, lenye bei yake ambayo sasa unaijua.

Kama unaweza, mwombe dada yako gari lake kwa mwezi mmoja zaidi. Ijaze tangi, andika nambari ya kilomita, ujaze tena na uandike, bila kukadiria. Wapeleke wote mashambani mkarudi. Iegeshe Subaru mahali unapoiona kila asubuhi, usiifiche, uangalie kama siku ya kumi na tano unaitazama kama siku ya kwanza. Mwezi huo mkeo awe anajua kila nambari unayoijua wewe.

Na lile la lango, mwanangu, ndilo lililonikwamisha kila nilipoisoma barua yako. Uliniambia kwamba juma la kwanza binti yako hakuja, kwa sababu hakuisikia sauti aliyoizoea. Vitz ulikaa nayo majuma matatu. Hukuniandikia juma la tatu alifanya nini.